Kuziba si Kutengeneza

Nina ugomvi wa miaka mingi na tyubu ya silikoni. Ndugu msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka, maana watu wazima wenye ugomvi huwa nao na jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, au na shemeji, au na serikali. Lakini mimi nikimsikia fundi akisema, "Tutapiga silikoni, litatulia," moyo wangu huchafuka siku nzima. Katika kurasa hizi nitaeleza kwa nini. Nitaanza na gari na nitamaliza na gari, kwa kuwa juu ya mambo mengine sina ujuzi wa kumfundisha mtu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la viti viwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, katika aina iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Nililinunua Arusha mwaka 2011 likiwa chini ya mti, na kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Walio wa rika langu hawahitaji kuelezwa kwa nini mwalimu wa Mbulu alitoa fedha zake za akiba kwa kitu kama hicho. Yale mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka yaliposhuka huku kwetu, kipande cha Mbulu chenye mteremko wa Magara kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo madereva walivitaja kwa adabu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Mimi nilikuwa mtoto tu juu ya ukingo wa barabara. Sikumbuki ni nani aliyepita. Nakumbuka tope lililonipiga kifuani, na jinsi nilivyokataa kuifua ile fulana.

Basi gari langu lilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni maji. Masika yakishika, na huku juu yakishika hayaachii upesi, kapeti la upande wa abiria lilikuwa likilowa hadi ukilikamua linatoa maji ya rangi ya chai. La pili ni kelele za upepo. Kwenye changarawe ya Mbulu hazisikiki, kwa sababu mwendo hauruhusu na mawe nayo yana makelele yao. Lakini ukishateremka Dareda, ukaingia lami ya kwenda Katesh, mshale ukifika kilomita 80 kwa saa, mluzi huanza karibu na sikio la kulia, na ukifika 100 unakuwa mvumo ambao ndani yake mume na mke hawawezi kusemezana bila kupigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za korongo.

Nikalipeleka karakana. Sitaitaja, kwa kuwa haina tofauti na nyingine ishirini ninazozifahamu. Fundi, kijana mwenye heshima zake, alilizunguka mara moja.

"Shikamoo Mwalimu. Hili ni gari la kizamani, lazima livuje."

"Marahaba. Linavujia wapi?"

"Kila mahali, Mwalimu."

Jibu hilo ndilo ninalogombana nalo. Kila mahali si mahali. Mgonjwa akimwambia daktari kwamba anaumwa kila mahali, daktari mwema humlaza kitandani na kumbonyeza tumbo kidole kwa kidole. Hamfungi bandeji kuanzia utosini hadi unyayoni. Lakini gari langu lilifungwa bandeji. Silikoni ilizungushwa kwenye kioo cha mbele, ikapakwa pande zote za raba za milango, ikajazwa kwenye kila ufa uliopatikana. Fundi alipoona maji yanatoka kwenye vitundu viwili vilivyo nyuma ya madigadi ya mbele, akaviziba navyo. Na zile tundu za kuingizia hewa, zilizo chini ya kioo cha mbele karibu na wapa, akazifunika kwa plastiki kutoka ndani, akisema maji ndiko yanakoanzia. Nililipa. Nililipa na kushukuru, na nilipofika Dareda mluzi ulikuwa umepungua kweli. Kwa wiki tatu nilimsifu kijana yule kwa kila aliyetaka kunisikiliza.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa silikoni. Ingekuwa inashindwa siku ile ile, nisingekuwa na ugomvi nayo.

Hebu tuangalie alichokifanya. Vile vitundu viwili havikuwa kovu la uzee. Viliwekwa kiwandani kwa makusudi. Mvua inayoanguka kwenye kioo cha mbele huingia kwenye tundu za hewa, hushuka kwenye mfereji ulio chini yake, kisha hutokea pembeni, nyuma ya madigadi, na kumwagika chini. Ugonjwa wa gari langu ulikuwa majani makavu na tope la miaka mingi katika mfereji huo. Maji yalijaa, yakafurika, yakaingia kwenye njia ya hewa ya hita, yakatua miguuni kwa abiria. Fundi alikuta mfereji uliozibika nusu, akaumalizia kuuziba. Mvua iliyofuata kapeti halikulowa tu, lilielea.

Kisha kuna kutu. Silikoni nyingi za bei nafuu hunuka siki zinapokauka, na si harufu tu: ni asidi ya siki yenyewe inayotoka, nayo ikilala juu ya bati lisilo na rangi hulianzishia kutu. Aidha rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo fundi bodi atakayekuja baadaye atakwangua siku nzima kabla ya kuanza kazi. Na gari hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa. Sakafu ikioza, pamoja na reli zilizochomelewa chini yake, hujaharibu pambo, umevunja uti wa mgongo.

Lakini kutu ningeisamehe. Nisilosamehe ni safari ya Aprili 2016.

Tulikuwa tunakwenda Katesh, mimi na mama watoto, kwenye msiba. Kulikuwa na mvua na baridi, ukungu umefunika Bashanet yote, tukafunga vioo. Kabla ya kufika Dareda akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa. Chini kwenye lami mvua ilikatika, nikamwambia afungue kioo apate hewa safi, nami nikafungua changu, nikaongeza mwendo ili upepo uingie vizuri. Akazidi. Endasak aliomba nisimame, akatapika kando ya barabara, akakaa kwenye jiwe mikono ikimtetemeka. Mimi mwenyewe nilikuwa na usingizi wa ajabu saa nne asubuhi. Tulikaa pale kama nusu saa, akapata nafuu. Katesh akapimwa malaria, hakuwa nayo. Tulizika, tukala, tukalala, na kesho yake alikuwa mzima kabisa hadi tulipokuwa njiani kurudi, ambapo yote yakaanza upya.

Nyumbani nilifungua mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwenda juu, nikatazama raba yake. Kulikuwa na mstari mweusi. Ulianza kona ya chini kushoto, juu kidogo ya ekzosi, ukapanda kwenye bati la ndani kama moshi unavyopanda ukutani juu ya jiko. Nyuma ya taa, pale gasketi zilipokauka na kukatika, kulikuwa na mstari mwingine.

Gari lenye mgongo wa kuteremka hulikata pepo vizuri kwa mbele, lakini nyuma yake huacha mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo, na moshi wa ekzosi huzunguka hapo ukiandamana na gari kama mbwa. Hewa ya ndani nayo huvutwa itoke, hasa ukifungua vioo vya milango ukiwa kwenye mwendo, kwa kuwa upepo unaopita pembeni huinyonya. Ikitoka, lazima nyingine iingie. Gari lenye tundu za mbele zilizo wazi na raba nzima za nyuma huvuta hewa ya mbele, safi. Gari langu lilikuwa limezibwa mbele kote. Liliweza kuvuta upande mmoja tu, nyuma, penye moshi. Nilipomwambia mama watoto afungue kioo nilikuwa namwongezea sumu, nami nikadhani namhurumia. Katika moshi wa petroli mna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu hufa kwa hiyo wakiwa wamelala, na ndugu zao husema wamerogwa.

Sasa mtu aniambie tena kwamba kelele za upepo ni kelele tu! Mluzi ulikuwa ukiniambia kwamba gari lina tundu. Fundi alizima mluzi. Tundu lililopiga kelele lilizibwa, na lisilopiga kelele likabaki kutulisha sumu kimya kimya. Tangu siku hiyo, gari likinyamaza ghafla baada ya kutoka karakana, mimi huogopa.

Nililivua silikoni yote kwa wembe na ukucha. Kazi hiyo ilichukua likizo nzima ya Juni. Kisha nikaanza kutafuta, na nitaeleza jinsi nilivyotafuta, kwa sababu wanaotetea silikoni husema kwamba kutafuta kunahitaji mitambo ambayo sisi hatuna.

Nilikuwa na chaki. Mwalimu hakosi chaki. Niliisaga, nikaipaka unga wake kwenye bati ambapo raba hukutana na mlango, nikafunga mlango taratibu na kuufungua. Palipogusana, unga ulihamia kwenye raba. Pasipogusana, raba ilibaki nyeusi. Mlango wa kulia ulikuwa na nafasi ya kiganja kizima juu, kona ya nyuma, ambapo raba haikugusa kitu. Kosa halikuwa la raba, fremu ya mlango ilikuwa imepinda kwenda nje. Ungeweza kununua raba mpya kutoka Japani na mluzi usingeondoka. Noti nayo husaidia: ifungie mlangoni kisha ivute, ikitoka bila kubishana, upepo nao hupita bila kubishana.

Kwa upepo wa mwendoni nilitumia tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Nilifunika nafasi zote za mlango, kioo na mlingoti wa mbele, nikaenda kwenye lami kati ya Dareda na Endasak. Kimya. Nikabandua kipande kimoja, nikarudia njia ile ile kwa mwendo ule ule. Kimya. Kingine. Kingine tena. Kipande cha sita kilipotoka, mluzi ukaimba, na hapo sikuwa na haja ya kubishana na mtu yeyote juu ya "kila mahali". Ni kweli nilichoma petroli. Wauza mayai wa Endasak walidhani nimepungukiwa akili, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna watu wa kuniangalia.

Kwa maji sina mpira wa bomba, ninalo kopo la kumwagilia miche. Mtu mmoja anakaa ndani na tochi, kapeti limetolewa lote, mwingine nje anamwaga. Kanuni ni moja tu: anza chini, panda juu, polepole, na usihame mahali kabla ya dakika kumi. Ukianza juu, maji yatateremka yakiingia popote yapendapo na utarudi kwenye "kila mahali". Maji hayadondoki pale yanapoingilia. Huingia kwenye pembe ya kioo, hufuata waya nyuma ya dashibodi, hupita kwenye kipete cha mpira kilichochakaa, na kutua chini ya kiti, ambako mtu mvivu huweka silikoni.

Nilizaliwa kwenye nyumba ya tembe, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima kama Wairaqw walivyokuwa wakijenga, paa la udongo juu ya miti. Ilipovuja, hakuna aliyepaka udongo kwenye dari mahali palipodondoka. Bibi alipanda juu ya paa mvua ikikatika, akainama, akatembea akitazama ardhi kama mtu aliyepoteza shilingi. Mahali alipopata ufa palikuwa hatua tatu au nne kutoka juu ya kitanda changu kilicholowa. Bibi hakusoma hata darasa moja. Nashindwa kuelewa ni lini watu wetu, ambao bibi zao walijua hili, walianza kuamini tyubu.

Najua watakaonijibu. Mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniambia kwamba hata 240Z za mashindano zilivuja vumbi na maji, na zilishinda. Ndiyo, zilivuja. Dereva yule alistahimili siku chache kisha akaoga hotelini, na gari likarudi mikononi mwa mafundi wa kampuni. Mimi nimekaa na langu zaidi ya miaka kumi, nalo humbeba mke wangu.

Mwingine atasema raba za asili hazipatikani. Nakubali. Mlango wa nyuma wa gari langu una raba ya kununua kwa mita, ya gari jingine kabisa, niliyoichagua kwa kupima unene wake na nafasi iliyopo. Gasketi za taa nilizikata mwenyewe kwenye karatasi ya sponji ngumu. Raba ya kuazima iliyowekwa mahali panapojulikana ni bora kuliko ya kiwandani iliyowekwa kwa kubahatisha.

Wa tatu ndiye mwenye hoja, naye ni fundi. Husema: Mwalimu, wewe una mshahara na likizo. Mimi mteja ananipa saa mbili na fedha ya saa moja. Nikitafuta siku tatu, nani atanilipa? Sina jibu la kumdharau. Sisi wateja tumewafundisha mafundi hivyo. Tunalipia kinachoonekana, tukiona tyubu tatu tupu chini tunaridhika kwamba kazi imefanyika, lakini fundi aliyekaa ndani ya gari na tochi kutwa nzima bila kupaka chochote tunamwita mvivu. Nilimlipa kijana yule bila kunung'unika kwa kuzungusha silikoni, na najiuliza kama ningemlipa nusu ya fedha ile kwa kuniambia tu, "Mwalimu, mfereji una majani." Kwa hiyo sehemu ya lawama nimeibeba, na siiweki chini.

Tena sisemi kwamba kuziba ni dhambi. Tangi likitoboka usiku katika tambarare ya Basotu, mtu atasugua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye tundu na kufika nyumbani, nami ningefanya vivyo hivyo na kumshukuru aliyegundua. Lakini hakuna anayeiacha sabuni kwenye tangi miaka mitano na kuiita matengenezo. Sabuni inajulikana kuwa sabuni. Silikoni hujifanya fundi.

Basotu yenyewe, kwa njia, ndiko nilikomalizia uchunguzi. Kiangazi, mashamba yale ya ngano yakishavunwa, vumbi lake ni laini kama unga, na huonyesha njia ya hewa kuliko chaki. Niliendesha saa nzima, nikasimama, nikafungua mlango wa nyuma na kutazama. Hapakuwa na mstari. Nilimwita mama watoto aje kutazama, akapitisha kidole pembezoni mwa raba, akakiangalia, akapanda garini bila kusema neno, akafunga kioo.

Kijana yule wa silikoni ana karakana yake sasa. Mwaka jana alinipigia simu kuniuliza kama nina chaki za kumpa, nikamwambia anunue, zipo madukani, kisha nikampelekea boksi. Sakafuni kwa abiria nimetandika gazeti chini ya kapeti, nalo limekuwa kavu masika mawili mfululizo. Bado upo mluzi mmoja, mlango wa kushoto, unaoanza kilomita 95 kwa saa na kuondoka nikipunguza kidogo. Tepu imekwisha niambia kwamba si juu ya kioo wala si kwenye bawaba. Jumamosi nitateremka tena Dareda.